Familia Bora ya Ibambasi

Mwaka ambao sukari ilitoweka madukani na sabuni ikawa kitu cha kusimuliwa watoto, wakubwa wetu waligundua kwamba tatizo la nchi ni familia. Si sukari, si sabuni, wala lile daraja lililozolewa na maji tangu masika ya mwaka juzi. Familia. Tulifarijika kulijua hilo, maana familia kila mtu alikuwa nayo, na wengine tulikuwa nayo kupita kiasi.

Aliyetuletea habari hiyo ni Bwana Majaliwa, afisa aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo na miwani, suti ya Kaunda na elimu ya jamii. Mimi wakati huo nilikuwa Segese, nauza chai isiyo na sukari na maandazi yaliyoonjeshwa mafuta kwa mbali. Naitwa Mwasiti, lakini Segese nzima inanijua kwa jina la Mama Abdu. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la mizigo, akipakia stesheni ya Isaka na kupotelea huko magharibi, kwa hiyo muda mwingi familia yangu ilikuwa mimi, Abdu na ndoo ya maandazi. Kijiji cha Ibambasi kiko jirani. Siku ya mkutano nilikwenda na ndoo yangu, kwa sababu penye mkutano pana watu, na watu wakihutubiwa sana huona njaa.

Bwana Majaliwa alipanda juu ya meza ya mwalimu akatueleza kwamba jamii ni kama mwili wa binadamu. Shule ni ubongo, soko ni tumbo, na familia ni moyo. Moyo huo una kazi zake: kuzaa, kulea, kulisha, kufundisha tabia njema, na kumliwaza baba anaporudi amechoka. Hapo wanawake waliokuwa wamepalilia pamba tangu alfajiri na watoto mgongoni walitazamana, kila mmoja akijaribu kukumbuka yeye huliwazwa saa ngapi.

"Na moyo," aliendelea Bwana Majaliwa, "una sehemu zake maalumu. Baba, mama, watoto wanne. Ukiongeza mengine, huo si moyo tena. Ni uvimbe."

Bibi mmoja aliyekuwa ameketi mbele, Mbuke, akauliza kitu kwa Kisukuma. Masele, mwenyekiti wa kijiji, akatafsiri kwa aibu: "Anauliza, bibi ni kiungo gani katika huo mwili."

Bwana Majaliwa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mwambieni bibi ni historia," akasema. "Tunamheshimu sana."

Kisha akatangaza mashindano. Wilaya ingetafuta Familia Bora, ya kuwa mfano kwa wengine. Familia itakayoshinda ingepewa cherehani, na kijiji chake kingepewa mashine ya kusaga. Nadhani Masele alisikia neno mashine na baada ya hapo hakusikia kingine mpaka mwisho wa mkutano.

Kamati ilimchagua Maduhu, mwana wa yule bibi Mbuke. Uchaguzi ulikuwa mzuri. Maduhu alikuwa mfugaji mtaratibu, Kiswahili chake kilinyooka kwa sababu aliwahi kufanya kazi kiwanda cha kuchambua pamba, na nyumba yake ilikuwa ya matofali ya kuchoma yenye bati juu. Ilikuwa na kasoro moja tu: watu walikuwamo ndani. Alikuwamo mama yake, alikuwamo Esta mke mkubwa na watoto wake watano, alikuwamo Mageni mke mdogo na watoto wake watatu, na walikuwamo yatima wawili wa marehemu kaka yake, ambao hakuna aliyewahi kuwaita yatima mpaka siku ile Bwana Majaliwa alipouliza.

Nilikuwapo, maana Masele aliniagiza maandazi ya wageni. Watoto walipangwa uani kwa kimo, na Bwana Majaliwa akapita mbele yao kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Alimchukua Mabula, mtoto wa kwanza wa Esta, kwa sababu alisimama wima. Alimchukua kitindamimba wa Esta, kwa sababu asingeweza kutenganishwa na titi. Alimchukua yatima mmoja kwa ajili ya meno yake. Na alimchukua Paskalia, binti mkubwa wa Mageni, kwa sababu alikuwa anasoma gazeti kwa sauti bila kukwama. Hivyo ndivyo familia ya asili, isiyo na nyongeza, ilivyopatikana kutoka katika matumbo matatu.

Mageni alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mikono ina unga. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini.

"Na mimi?" akauliza.

"Wewe mama huna kosa lolote," Bwana Majaliwa alimjibu kwa upole wa daktari. "Ni kwamba kitaalamu wewe ni ziada."

"Ziada ya nini?"

"Ya muundo."

Mageni akamgeukia mumewe. Maduhu alikuwa anatazama ng'ombe wake kwa makini sana, kana kwamba amewaona leo kwa mara ya kwanza.

"Ni wiki moja tu, Mama Paskalia," akasema bila kugeuka. "Wageni wakishapita unarudi. Mashine ni ya kijiji kizima."

"Na Paskalia wangu amwite nani mama?"

Esta aliinamisha macho kumwonea huruma mke mwenzake, lakini midomo yake haikupata taarifa mapema, nikaiona inatabasamu. Simlaumu. Miaka yote aliitwa mke mkubwa, jina ambalo maana yake ni kwamba kuna mwingine. Leo serikali yenyewe ilikuwa imekuja na gari kumwambia kwamba yeye ndiye mke.

Bibi Mbuke alihamishiwa kibanda cha ndama nyuma ya zizi, pamoja na watoto wengine wa Esta na yatima asiye na meno mazuri. Alibeba mkeka wake mwenyewe. Alipopita karibu yangu alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Baba wa familia nimemzaa mimi. Lakini mimi familia simo. Haya, mayu." Mayu kwa Kisukuma ni mama.

Mageni alikuja kwangu Segese na watoto wake wadogo wawili na furushi la nguo. Nilimpa chumba cha nyuma. Alinisaidia kukanda unga na kuosha vikombe, na kila jioni alikwenda kusimama barabarani akiangalia upande wa Ibambasi.

Ukaguzi ulifanyika, na Ibambasi ikashinda. Nilikwenda kushuhudia. Bwana Majaliwa aliwaambia wakubwa kwamba familia ile aliikuta hivyo hivyo, kama tunda mtini. Esta alikuwa amevaa kitenge kipya, ameketi kwenye kiti, jambo ambalo mbele ya wageni hakuwahi kulifanya maishani. Paskalia alisoma shairi la kusifu kilimo. Cherehani ilikabidhiwa, watu wakapiga vigelegele, na mashine ya kusaga nayo ikaja baada ya muda, ila mkanda wake ulibaki huko ilikotoka, kwa hiyo tukawa tunaenda kuitazama.

Sasa ungedhani wiki imekwisha, Mageni arudi. Hata Mageni mwenyewe alidhani hivyo. Alikuwa ameshafunga furushi. Lakini Familia Bora haikuwa mechi ya mpira, ukishinda unarudi nyumbani. Kumbe ukishinda ndiyo kwanza umeanza. Picha ya Maduhu na mkewe mmoja na watoto wanne ilitundikwa ofisini wilayani, na kila mgeni aliyeiona alitaka kuja kuona kitu chenyewe. Wakaja akina mama wa jumuiya kutoka Mwanza. Wakaja makatibu kata. Wakaja wanachuo. Kila kundi lilikula kuku.

Na kila kundi lilikuja na familia yake kichwani. Wale wa Bwana Majaliwa walisema familia ni moyo. Wanachuo, vijana wenye ndevu na sauti za hasira, walisema huo ni uongo wa mabepari: familia ndiko unyonyaji ulikoanzia, baba ndiye tajiri na mama ndiye kibarua. Kijana mmoja aliinama mbele ya Esta, aliyekuwa ananyonyesha, akamwuliza kwa uchungu, "Mama, unafahamu kwamba unanyonywa?"

"Nafahamu," Esta akajibu. "Lakini mwezi ujao namwachisha."

Baadaye wakaja Wazungu wawili na mkalimani wao. Hao walisema familia si moyo wala si kiwanda. Familia ni maana ambazo watu hupeana kila siku wanapoishi pamoja. Wakamwuliza Maduhu neno "nyumbani" lina maana gani kwake. Maduhu akafikiri sana, akasema ni mahali ng'ombe wanapolala. Waliandika ukurasa mzima.

Maduhu alishika yote. Ukimpelekea mgeni wa moyo, alimpa moyo. Wa unyonyaji, aliungama kwamba yeye ni mnyonyaji na anajitahidi kuacha. Nilimsikia akieleza kazi za familia vizuri kuliko Bwana Majaliwa, mkono mmoja mfukoni, huku mama yake akikohoa kwenye kibanda cha ndama. Mgeni mmoja akauliza ni nini kile. "Ndama," Masele akasema.

Mageni alivumilia mavuno yakapita. Halafu siku moja akaniambia, "Mama Abdu, mimi nakwenda kwangu. Wageni wawepo, wasiwepo." Akajitwika mtungi wa maji, ili asiingie nyumbani mikono mitupu, akaongozana na watoto wake.

Wageni walikuwepo. Alipita katikati yao na mtungi kichwani, akaelekea jikoni kama alivyozoea. Mama mmoja wa mjini, mwenye saa ya dhahabu, akauliza, "Na huyu ni nani?"

Masele akamtazama Maduhu. Maduhu akakohoa.

"Jirani," akasema. "Anatusaidia maji."

Mageni aliniambia kwamba neno lile lisingemwua. Mwanamume mbele ya wakubwa husema lolote. Lakini Paskalia alikuwa amesimama pale na sare yake safi, na alipomwona mama yake uso ulimng'aa, akapiga magoti kidogo kama alivyofundishwa. "Shikamoo, ma…" akaanza. Masele akamkata jicho. Mtoto akaanza upya. "Shikamoo, jirani."

"Marahaba, mwanangu," Mageni akajibu, na yule mama wa mjini akasema ni vizuri sana jinsi vijijini kila mtoto anavyoitwa mwanangu, mjini tumeshapoteza hayo.

Mageni aliushusha mtungi, akayamimina maji kwenye pipa mpaka tone la mwisho, akauchukua mtungi wake akaondoka. Aliporudi kwangu hakulia. Alikaa jikoni akichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Kesho yake aliniuliza lori gani linakwenda upande wa Mwakitolyo.

Huko watu walikuwa wanachimba dhahabu. Vijana wa kila kabila, waliokimbia pamba iliyokosa mnunuzi, walichimba mashimo waliyoyaita maduara, wakashuka kwa kamba na kupanda na mawe mgongoni. Mara moja moja walifukuzwa na askari, wakatawanyika porini, wakarudi. Nilimwambia Mageni kwamba si mahali pa mwanamke mwenye watoto. Akaniambia, "Kwani mimi ni mwanamke mwenye watoto? Mimi ni jirani."

Akaenda. Alijenga kibanda cha nyasi, akaweka mafiga, akaanza kupika ugali wa mtama na dagaa kwa wachimbaji. Habari zake zililetwa na madereva: kwamba Mama Paskalia anapika vizuri, kwamba kijana akiumia duarani anapelekwa kwake, kwamba wawili waliogombania jiwe la dhahabu mpaka wakashikiana sululu, yeye ndiye aliyewaita wakala sahani moja, na aliyekataa hakupewa chakula mpaka alipokubali. Vijana wale waliitana kaka, na yeye wote walimwita mama, bila mtu kutoka wilayani kuwachagua kwa meno.

Ibambasi nako mambo yaliendelea kupendeza kwa mbali. Kwa karibu, Esta alikuwa amekonda. Kazi ambazo wanawake wawili walikuwa wanagawana sasa alikuwa nazo peke yake, na juu yake wageni. Zamani mmoja akienda shambani mwenzake hubaki na watoto. Mmoja akiugua mwenzake hupika. Waligombana, ndiyo, waligombana sana, lakini waligombana huku wakisaidiana kutwanga. Bibi Mbuke, ambaye ndiye alikuwa analea wadogo na kuwasimulia hadithi, kule kwenye kibanda miguu ilimvimba. Mabula alianza kutoroka shule. Na Paskalia, mtoto aliyesoma shairi, aliacha kusema kabisa isipokuwa wageni wakija.

Esta alinitokea Segese asubuhi moja, mtoto mgongoni, Paskalia mkononi, macho mekundu.

"Mama Abdu, mumeo anapita lini?"

"Leo. Anakwenda Kahama lakini anaweza kuzunguka. Kuna nini?"

"Nataka nikamchukue Mageni."

"Maduhu amekutuma?"

"Maduhu yuko na wageni," akasema. "Maduhu siku hizi ni wa wageni."

Nilifunga mlango wa biashara nikaenda nao, maana kitu kama hicho sikutaka kuja kusimuliwa na madereva. Tulikaa juu ya magunia, vumbi likatupaka sisi sote rangi moja. Esta njiani alikuwa anafanya mazoezi ya kusema. Mara, "Mdogo wangu, yaliyopita tuyaache." Mara, "Mageni, nyumba inakuhitaji." Nilimwambia hilo la pili linafanana na Bwana Majaliwa, akaliacha.

Tulimkuta Mageni ameinama motoni, vijana wamejaa vumbi la mawe wamemzunguka wakisubiri sahani. Paskalia alimwona kabla yetu. Hakukimbia. Alitembea taratibu mpaka nyuma yake, akasimama, na nadhani mtoto yule alikuwa anatafuta neno lipi sasa linaruhusiwa.

Mageni akageuka. Mwiko ukaanguka.

"Mama," akasema Paskalia. Ndipo akalia, akalia kwa sauti mpaka wachimbaji wale wakubwa wakaangalia pembeni.

Wakati wote ule Esta alisimama na hotuba yake. Mageni alipomtazama, hotuba yote ikayeyuka. "Nilicheka," Esta akasema. "Siku ile uani. Uliniona?"

"Nilikuona."

"Nilidhani nimepewa kitu."

Mageni aliokota mwiko, akaufuta kwa kanga. "Umekuja kunichukua?"

"Nilikuja kukuchukua. Lakini njiani nimefikiri. Ukirudi utarudi kuwa nani? Watakuficha na mayu kwenye ndama. Nitakuwa nakuletea chakula huko kama mahabusu." Akamshusha mtoto mgongoni. "Sirudi peke yangu, Mageni, na wewe huwezi kurudi. Basi mimi nakaa. Watafute mke bora mwingine."

"Na watoto ulioacha?"

"Mabula ameshakuwa. Wadogo wako kwa mayu, na mayu hawezi kuwalaza njaa. Si kwa muda mrefu. Mpaka Maduhu akumbuke."

Mageni akamsogezea sufuria ya dagaa na kumwambia achambue, na asiache vichwa, vijana hawa hawapendi vichwa. Walianza kubishana juu ya vichwa vya dagaa kabla sijapanda lori.

Ibambasi yaliyotokea nilisimuliwa na Masele mwenyewe, mezani kwangu, akiwa na kikombe cha chai alichokuwa anakitazama kama msiba. Kwamba ujumbe mkubwa kuliko yote ulikuwa unakuja kesho yake baada ya Esta kuondoka, na Bwana Majaliwa katika gari la mbele. Kwamba mke hayupo, na binti wa shairi hayupo. Masele, kama kiongozi, alitafuta ufumbuzi: akamwomba mwalimu wa kike akae pale kwa muda kama Esta. Mwalimu alikuwa tayari ameshaketi kitini, amempakata mtoto wa mtu.

"Kila kitu kilikuwa kimekaa sawa, Mama Abdu," Masele akasema. "Kila kitu. Halafu yule mtu akaharibu."

Yule mtu ni Maduhu. Wageni waliposhuka, Bwana Majaliwa alimkaribisha aeleze kazi za familia kwa jamii. Maduhu akasimama. Akaanza, "Familia ni moyo…" Hapo kikohozi kikasikika nyuma ya zizi, kirefu, cha mtu anayepaliwa. Maduhu akageukia upande wa zizi. Masele akasema haraka, "Ndama." Kikohozi kikaendelea.

Maduhu akawaacha wageni. Akaenda nyuma ya zizi, na aliporudi alikuwa amembeba mama yake mikononi kama mtoto, miguu ya bibi imevimba, nguo zimejaa majani ya ndama. Akasimama mbele ya mwalimu wa kike na kumwambia, "Samahani, mwalimu, naomba kiti." Mwalimu akasimama. Bibi Mbuke akakalishwa.

"Huyu ni mama yangu," Maduhu akasema. "Huyu mwalimu simjui vizuri, ni mtu mwema. Nina wake wawili. Mmoja nilimwita jirani. Wote wameniacha, na wamefanya vizuri. Watoto wangu na wa marehemu kaka yangu ni kumi, wengine wako pale nyuma ya nyasi wanatuchungulia. Njooni nyie! Hiyo ndiyo familia niliyokuwa nayo. Sasa naomba mniruhusu nimtafutie mama dawa."

Masele aliniambia kwamba aliyesema baada ya hapo ni Bibi Mbuke. Aliwaangalia wale wakubwa mmoja mmoja akawasalimia, "Mwangaluka," kwa adabu zote, na wao kwa kutojua la kufanya wakaitikia. Halafu akaomba maji.

Bwana Majaliwa alijikaza. Aliueleza ujumbe kwamba walichokishuhudia ni familia katika kipindi cha mpito, na kwamba ni jambo linalotarajiwa kitaalamu. Picha ilishushwa ukutani wilayani. Cherehani ilikuja kuchukuliwa na gari, dereva akiona aibu. Bwana Majaliwa mwenyewe hakuadhibiwa, Mungu apishe mbali. Alipandishwa cheo akahamia mjini, na nasikia alitoa mihadhara mingi juu ya kuvunjika kwa familia za vijijini na sababu zake. Sababu zenyewe sikuzipata, lakini naamini yeye hakuwamo.

Maduhu alimpeleka mama yake zahanati kwa mkokoteni wa ng'ombe. Bibi alipopata nafuu na kulala chumba cha mbele, Maduhu akamwachia yeye na Mabula watoto, akashika njia ya Mwakitolyo kwa miguu. Alichosema huko nilikisikia kwa Esta na kwa Mageni, kila mmoja kwa wakati wake, na kwa mara ya kwanza maneno yao yalifanana.

Aliwakuta wanapakua chakula. Hakukaribishwa wala hakufukuzwa. Alikaa kwenye gogo kati ya wachimbaji, akapewa sahani kama wao, akala. Watu walipopungua, akamwambia Mageni, "Mama Paskalia, nimekuja kukuomba radhi."

"Kwa lipi?"

Alikuwa na jibu refu, lakini alisema, "Kwa kutazama ng'ombe."

Mageni akakaa chini, mkabala naye. "Baba Paskalia, uliniambia wiki moja. Kama ungesema, Mageni, nakutoa kwa sababu ya mashine, ningekasirika nikakaa. Lakini ulinidanganya na wewe mwenyewe ukaamini. Ukawa unawafundisha watu mtu kama mimi hayupo."

"Rudi, nitawaambia wote upo."

"Mayu anaendeleaje?"

"Anakuulizia kila siku."

"Nitakuja kumwona. Nitamwogesha, nitampikia, yule ni mama yangu. Lakini kukaa, hapana. Hapa nina kibanda changu, nina moto wangu. Hawa vijana wakitoka shimoni wananiita jina langu. Paskalia atasoma shule ya huku, atakuwa na mimi."

Esta alikuwa amesimama pembeni na mtoto kiunoni. Maduhu akamwinulia macho.

"Mimi nitarudi," Esta akasema. "Watoto wangu wako kule. Lakini mayu halali tena kibandani, na gari lolote likija lenye mtu wa miwani, wewe ndiye utakayekamata kuku, utachinja wewe, utapika wewe. Na nikitaka kuja kwa Mageni, nakuja. Siombi."

"Sawa," Maduhu akasema.

"Sema vizuri."

"Nimekubali, Mama Mabula."

Waliondoka kesho yake na lori la mume wangu, ambalo siku hiyo nami nilikuwa nimepanda. Esta alikaa mbele kwa dereva, Maduhu juu ya magunia. Mageni aliwasindikiza mpaka barabarani akiwa na Paskalia. Esta aliteremka tena, wakashikana mikono muda mrefu wakinong'ona, na alipopanda alikuwa analia na kucheka. Mume wangu aliuliza wanalia nini wake wenza wakiachana, yeye alidhani huwa wanasherehekea. Nilimwambia aendeshe gari.

Vijana walikuwa wameanza kutoka maduarani, weupe kwa vumbi la mawe, wakiuliza chakula. Mageni akamtuma Paskalia akachote maji, akapuliza moto.